Kipimo cha mawimbi ya ubongo: mwandae mtoto ili majibu yatoke safi

Mama au mlezi, kama mtoto wako amewahi kuanguka na kukakamaa, au anabaki ameduwaa ghafla huku macho yakitazama sehemu moja, huenda daktari amekuandikia kwenye karatasi herufi tatu: EEG. Wengi wenu mnaporudi na karatasi hiyo hapa Kingolwira mnaniuliza maswali yale yale. Je, mtoto atapigwa shoti? Je, wanaona anachofikiria? Je, kikitoka hakina kitu, ina maana ni mashetani? Na je, nauli yote hii itakuwa na faida?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Makala haya yanajibu maswali hayo, na yanaeleza jambo ambalo mara nyingi hatuwaambii wazazi: kipimo hiki huharibika kwa vitu vidogo sana, na vingi kati ya hivyo wewe mwenyewe unaweza kuvizuia ukiwa bado nyumbani.

Kwa ufupi

- Kipimo hakiumi na hakimpitishii mtoto umeme. Kinasikiliza tu.
- Usimsimamishie mtoto dawa za kifafa kwa ajili ya kipimo, mpaka daktari wake mwenyewe akuambie hivyo.
- Fumua nywele, zioshe kwa sabuni, usipake mafuta.
- Majibu ya kawaida hayamaanishi kwamba mtoto hana kifafa.
- Mtoto akishikwa kwa zaidi ya dakika 5, mpeleke hospitali mara moja. Usisubiri kipimo.

Ubongo unatoa nini cha kupimwa?

Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mno. Chembe nyingi zikizungumza pamoja, umeme huo hufika juu ya ngozi ya kichwa na unaweza kupimwa. Lakini ni mdogo sana. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ni mdogo kuliko huo kwa makumi ya maelfu ya mara. Ndiyo maana mashine lazima iukuze kabla ya kuuchora kama mistari inayopanda na kushuka. Mistari hiyo ndiyo tunaita mawimbi ya ubongo.

Mtu wa kwanza kurekodi mawimbi haya kwa binadamu alikuwa daktari wa Ujerumani, Hans Berger, mwaka 1924. Alichapisha kazi yake mwaka 1929. Kipimo chake ndicho mzazi wa EEG ya leo.

Kwa mtoto mwenye kifafa, kundi la chembe huweza kupiga kelele zote kwa pamoja bila mpangilio. Kwenye mistari, kelele hiyo huonekana kama ncha kali zinazochomoza. Kwa kuziangalia, daktari anaweza kujua kama ni kifafa cha aina gani, kinaanzia upande gani wa ubongo, na dawa ipi inafaa zaidi. Hilo ni muhimu, kwa sababu dawa inayosaidia aina moja ya kifafa inaweza kuzidisha aina nyingine.

Vihisi vya sumaku: kipimo kinachoitwa MEG

Baadhi yenu mmesikia kwenye simu habari za mashine inayosoma sumaku ya ubongo, mkauliza kama ndiyo hiyo hiyo. Ni ndugu wawili, si kitu kimoja.

Kila mahali umeme unapopita, nguvu kidogo ya sumaku hutokea pembeni yake. Ubongo nao una sumaku yake, lakini ni dhaifu kuliko sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, kwa zaidi ya mara milioni mia moja. Kuisikia ni kama kusikia mbu akiruka ndani ya stendi ya Msamvu siku ya sikukuu.

Mwanasayansi David Cohen aliipima kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Marekani, akitumia waya uliozungushwa mara milioni moja. Mwaka 1972 alitumia kihisi chenye uwezo mkubwa zaidi kiitwacho SQUID, na picha ikawa safi. Vihisi vya SQUID hufanya kazi vikiwa vimepozwa kwa heliamu ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mgonjwa anaingiza kichwa ndani ya kofia kubwa ngumu na kutulia kabisa. Chumba chenyewe kina kuta za madini maalumu ya nikeli na chuma ili kuzuia sumaku za nje.

Mwaka 2018 watafiti wa Nottingham na London, Uingereza, walionyesha vihisi vya aina mpya visivyohitaji baridi hiyo. Vina mvuke wa madini ya rubidi na mwanga wa leza, ni vidogo, na vinavaliwa kichwani kama kofia. Mtu anaweza kugeuza kichwa au hata kunywa chai akiwa anapimwa. Kwa watoto hiyo ni habari njema, maana nani aliwahi kumwambia mtoto wa miaka mitatu asitikisike nusu saa, akatii?

Faida ya sumaku ni kwamba haipotoshwi sana na mfupa wa kichwa na ngozi kama umeme unavyopotoshwa. Kwa hiyo MEG husaidia sana kujua kifafa kinaanzia sehemu gani hasa, hasa pale madaktari wanapofikiria upasuaji. Lakini ni mashine za gharama kubwa. Ukiandikiwa kipimo cha mawimbi ya ubongo ukiwa hapa Morogoro, tegemea kwamba ni EEG. Usione kwamba mwanao amepewa cha hali ya chini. Kwa watoto walio wengi, EEG iliyorekodiwa vizuri pamoja na maelezo mazuri ya mama inatosha kumpa daktari anachohitaji.

Uchafu kwenye kipimo

Mashine haijui kutofautisha ubongo na vitu vingine. Inarekodi chochote chenye umeme au sumaku. Wataalamu huita vitu hivyo uchafu au kelele. Vinavyosumbua zaidi ni hivi:

- Macho. Kila mtoto anapokonyeza, wimbi kubwa hutokea upande wa paji la uso. Ni kubwa kuliko mawimbi ya ubongo yenyewe.
- Taya na shingo. Kutafuna, kunyonya, kulia na kukaza meno huchora misitari minene inayofunika kila kitu.
- Jasho. Chumba kikiwa na joto, jasho hufanya mistari ipande na kushuka polepole kama mawimbi ya bahari.
- Mafuta na misuko. Mafuta huzuia kihisi kugusa ngozi. Misuko na rasta huviinua vihisi juu ya ngozi.
- Umeme wa ukutani. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Taa, feni na chaja ya simu vyote hutia mtetemo huo kwenye kipimo.
- Mapigo ya moyo. Nayo huonekana, hasa kwa watoto wachanga wenye shingo fupi.
- Chuma, kwa kipimo cha sumaku. Kibanio cha nywele, zipu, hereni au pini ya nepi huweza kuvuruga MEG nzima. Hata gari linalopita nje huonekana.

Wanasafishaje?

Mfikirie mwenzako anayeandaa mchele kutoka shambani. Hamwagi wote sufuriani. Kwanza anapepeta kwa ungo, pumba zinapeperuka. Kisha anakaa chini anachagua kwa mkono: chuya hizi, jiwe hili. Wataalamu wa mawimbi ya ubongo wanafanya vivyo hivyo.

Kwanza, wanazuia uchafu usiingie. Wanasafisha ngozi, wanapaka jeli, wanazima simu na vifaa visivyohitajika. Hatua hii inashinda zote zinazofuata, na ndiyo hatua ambayo wewe mama una nafasi kubwa ndani yake.

Pili, wanachuja. Kompyuta huondoa mtetemo wa umeme wa ukutani na yale mawimbi ya polepole ya jasho. Hapa ndipo kupepeta. Lakini ukipepeta kwa nguvu kupita kiasi, mchele nao unamwagika. Wakichuja sana, ncha kali za kifafa zinaweza kulainika na zisionekane. Kwa hiyo mtaalamu mzuri huchuja kwa kiasi.

Tatu, wanachagua kwa mkono. Mtaalamu hupitia mistari ukurasa kwa ukurasa na kuandika pembeni: hapa alikonyeza, hapa alilia, hapa mama alimshika kichwa. Sehemu zilizoharibika kabisa haziingizwi kwenye hesabu. Ndiyo maana utamwona mhudumu anakuangalia mtoto muda wote na kubonyeza vitufe.

Nne, kompyuta inaweza kutenganisha vyanzo vilivyochanganyika, kama wewe unavyoitambua sauti ya mwanao katikati ya watoto ishirini wanaocheza uwanjani. Inalitambua umbo la kukonyeza na la mapigo ya moyo, na kuyatoa. Njia hii hutumika zaidi kwenye utafiti na kwenye MEG. Mashine za MEG huweza pia kuwa na vihisi vya ziada vilivyowekwa mbali na kichwa. Hivyo husikiliza kelele ya chumba tu, kisha kelele hiyo hutolewa kwenye kipimo.

Hata hivyo, hakuna kompyuta inayoweza kurudisha kilichokosa kurekodiwa. Kihisi kisipogusa ngozi, hakuna cha kusafisha.

Kosa nililolifanya mimi

Miaka michache iliyopita nilimwandalia mama mmoja safari ya kumpeleka binti yake kupimwa. Nilimwandikia tarehe, nikamweleza kituo cha kushukia, nikaona nimemaliza. Sikumwambia habari ya nywele wala ya dawa. Yeye, kwa kuwa anampeleka mtoto mjini, alimsuka vizuri na kumpaka mafuta ya nazi. Na jirani alikuwa amemwambia kwamba mtoto hupimwa akiwa "hana dawa mwilini", kwa hiyo alimwachisha dawa siku tatu.

Mtoto alishikwa na kifafa usiku wa kuamkia safari, na tena ndani ya basi. Walipofika, misuko ilichukua muda mrefu kufumuliwa, mtoto alikuwa amechoka na analia, na vihisi havikushika kwa sababu ya mafuta. Waliambiwa warudi siku nyingine. Mama yule alikuwa ameuza kuku wake wote kwa nauli.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, kwa kuwa nilimpa karatasi bila maelezo. Tangu siku ile simruhusu mama aondoke kabla hatujapitia pamoja orodha ifuatayo.

Namna ya kumwandaa mtoto

*Siku chache kabla*

1. Piga simu au mwombe muuguzi wako aulize: mashine inafanya kazi? Mtaalamu yupo? Gharama ni kiasi gani, na bima inakubalika? Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ina kipimo hiki. Uliza kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, wao ndio watakaokuelekeza na kukuandikia rufaa.
2. Uliza kama mtoto anatakiwa kulala kidogo usiku wa kuamkia kipimo. Wakati mwingine daktari anataka mtoto asinzie akiwa anapimwa, kwa sababu baadhi ya dalili za kifafa huonekana zaidi usingizini.
3. Mrekodi mtoto kwa simu akishikwa. Kama mko wawili, mmoja amsaidie mtoto na mwingine arekodi. Onyesha uso, mikono na miguu. Video ya dakika moja inaweza kumsaidia daktari kuliko maneno mengi.
4. Andika kwenye daftari: alishikwa tarehe gani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, ilianzia mkono gani, alikuwa na homa au hapana. Kama hujui kuandika, mwombe mwanao mkubwa au jirani.

*Siku moja kabla*

1. Fumua nywele zote. Zioshe kwa sabuni na maji, suuza vizuri. Usipake mafuta ya aina yoyote.
2. Endelea na dawa zake kama kawaida, asubuhi na jioni.
3. Mwambie mtoto kitakachotokea kwa lugha yake. Mwambie atavalishwa kofia yenye nyuzi, atalala karibu na mama, na hakuna sindano. Mchezesheni nyumbani kwa kumvalisha kofia.

*Asubuhi ya kipimo*

1. Mlishe. Njaa hubadilisha mawimbi na humfanya mtoto asumbue. Usimpe chai ya rangi, kahawa wala soda za kola.
2. Mpe dawa zake kwa muda wake, na beba dawa za akiba.
3. Beba kadi ya kliniki, karatasi za dawa zote, khanga ya kumfunika, na kitu anachokipenda.
4. Mtoto anayenyonya, mnyonyeshe muda mfupi kabla ya kuanza. Akishiba atalala, na kipimo kitakuwa kizuri zaidi.

*Chumbani*

Mhudumu atapima kichwa kwa futi kamba, atasugua ngozi kidogo, na kubandika vihisi vidogo takribani 20 kwa jeli. Kurekodi huchukua dakika 20 hadi 30 hivi, lakini pamoja na maandalizi tenga saa moja au zaidi. Mtoto ataombwa kufumba na kufumbua macho. Anaweza kuonyeshwa taa inayomwekamweka, au kuombwa apumue kwa nguvu kwa dakika 3 hivi kama anayepuliza moto.

Muhimu sana: kama mtoto wako ana selimundu, mwambie mhudumu kabla ya kuanza. Kupumua kwa nguvu namna hiyo kunaweza kumletea mtoto wa selimundu madhara makubwa, na sehemu hiyo ya kipimo hurukwa. Vivyo hivyo kama ana ugonjwa wa moyo, au alipata pumu hivi karibuni.

Zima simu yako. Ukiweza, usimpapase kichwani. Mshike mkono au mguu. Akishikwa na kifafa wakati wa kipimo, usiogope na usivute nyuzi. Uko na wahudumu, na rekodi hiyo ina thamani kubwa.

Kuyasoma majibu

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa bila sababu. Kipimo kinasikiliza nusu saa tu ya maisha ya mtoto. Ni kama kusimama barabarani kwa nusu saa na kusema hakuna malori yanayopita kwenda Dar es Salaam kwa sababu hukuliona hata moja. Karibu nusu ya watu wenye kifafa wanaweza kuwa na EEG ya kwanza isiyoonyesha kitu. Na wapo watoto wachache wasio na kifafa ambao mistari yao ina dosari.

Kwa hiyo daktari hatibu karatasi, anamtibu mtoto. Historia unayoisimulia wewe ndiyo msingi, kipimo ni nyongeza. Majibu yakiwa ya kawaida, endelea na dawa mpaka daktari aseme vinginevyo. Na mtu akikwambia, "Hospitali hawakuona kitu, basi hili ni la kwetu," mjibu kwa upole kwamba kutoonekana ndani ya nusu saa si kutokuwepo. Kama familia inataka kumwombea mtoto, na waombe. Dawa iendelee.

Kipimo hiki kimetufundisha nini Afrika Mashariki

Mkoa wetu una historia ndefu na kifafa. Kule Mahenge, kusini mwa mkoa, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wengi waliotengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto. Alieleza pia watoto ambao kichwa chao kilikuwa kinaanguka mbele mara kwa mara kama wanaosinzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kutoka wilaya ya Ulanga ulikuta watu 10 hivi wenye kifafa katika kila watu 1,000. Hiyo ni idadi kubwa.

Ugonjwa wa kutikisa kichwa ulionekana pia kaskazini mwa Uganda. Wengi walidhani watoto wanasinzia tu, au wamepagawa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya watoto wa Kitgum waliorekodiwa mawimbi ya ubongo pamoja na umeme wa misuli ya shingo. Kichwa kilipoanguka, ubongo ulionyesha dalili za kifafa, na hapo hapo misuli ya shingo ikalegea. Angalia hapo: umeme wa misuli ambao siku nyingine ni uchafu wa kutupwa, siku hiyo ulikuwa ndio ushahidi. Ikathibitika kwamba kutikisa kichwa kule ni kifafa, na kwamba watoto wale wanastahili dawa.

Pwani ya Kenya, huko Kilifi, miaka ya 1990, watafiti waliwarekodi watoto waliopoteza fahamu kwa malaria kali. Waligundua kwamba baadhi yao walikuwa kwenye degedege linaloendelea ndani ya ubongo huku mwili umetulia. Dalili zilikuwa ndogo: macho kuelekea upande mmoja, mate kutoka, kupumua kusiko na mpangilio. Kwa hiyo mtoto mwenye homa ambaye amenyamaza, haitiki, na macho yamegeuka, usiseme "afadhali amelala". Mkimbize kituo cha afya.

Mtoto akishikwa nyumbani

- Msogeze mbali na mafiga, maji na vitu vyenye ncha.
- Mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Weka khanga chini ya kichwa.
- Legeza nguo shingoni. Angalia saa.
- Usiweke kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Usimpe maji wala dawa mpaka azinduke vizuri.
- Usimzuie kwa nguvu.
- Mguse bila hofu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa mkojo wala kwa hewa anayotoa.

Mpeleke hospitali haraka kama: ameshikwa zaidi ya dakika 5, anashikwa tena kabla hajazinduka, ana homa au shingo imekakamaa, ameumia, anapumua kwa shida, au ni mara yake ya kwanza.

Kuzuia panapowezekana

Si kila kifafa kinazuilika, lakini baadhi ya vyanzo tunaweza kuvipunguza. Jifungulie kituo cha afya, kwa sababu mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huumiza ubongo. Mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa. Kamilisha chanjo zake. Nyama ya nguruwe iive kabisa, tumieni choo, na osheni mikono, maana mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, viluwiluwi vyake huweza kukaa kwenye ubongo. Wenye ndugu maeneo yenye usubi, wahimizeni wameze dawa za usubi zinapogawiwa, kwani ugonjwa huo unahusishwa na kifafa.

Neno la mwisho

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu hadi 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata matibabu sahihi na kuyafuata. Dawa kama fenobabito na kabamazepini zimesaidia wengi kwa miaka mingi. Yule binti niliyewasimulia alirudi kupimwa baadaye, safari hii akiwa na kichwa kilichooshwa na dawa zake mfukoni mwa mama. Rekodi ilitoka safi, dawa ikabadilishwa, na sasa yuko darasani na wenzake.

Kama umepewa karatasi ya kipimo na hujaelewa, usiondoke. Muulize muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chako, na uulize tena mpaka uelewe. Sisi ndio kazi yetu.